Mafuta ya Pikipiki

Ukiibiwa ng'ombe Ngenge, hesabu ya kwanza si ya bei ya ng'ombe, ni ya mafuta. Mtu wa kijijini anayekwenda polisi, na hili si la huku kwetu tu, ni la karibu nchi nzima, anajua kabla hajafika kaunta kwamba akishaandikiwa RB ataulizwa kama ana namna ya kumfikisha askari kwenye tukio. Gari ni bovu. Au ni zima ila halina mafuta. Au lina mafuta ila limeondoka na mkubwa. Ipo pikipiki, nayo inataka lita tatu. Mlalamikaji anaingia mfukoni, na kama mfukoni hamna kitu, anarudi nyumbani na namba yake ya RB.

Hiyo ni rushwa? Nimewauliza watu wengi na majibu yao hayafanani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtazama anayepokea kitu ili afanye, au asifanye, kazi ambayo tayari ameajiriwa kuifanya. Lakini lita tatu zimeingia kwenye tangi la serikali, askari hakula hata senti. Ndivyo wanavyosema wanaomtetea, na hawasemi uongo. Ila ng'ombe wa jirani aliyekosa lita tatu hatafutwi. Na siku mwizi naye atakapofika na lita kumi, nani atamwambia askari kwamba mafuta haya ni halali na yale ni haramu?

Kuuelewa mkanganyiko huu inabidi kurudi nyuma kidogo, hadi kwenye swali la polisi wetu waliundwa kwa kazi gani.

Bukoba ilianza kuwa na boma mwaka 1890, Emin Pasha alipofika na bendera ya Wajerumani. Waliomlinda walikuwa askari, na neno hilo wakati ule halikutofautisha sana mlinzi wa raia na mpiganaji. Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba kwa meli kutoka Kisumu, wakaiteka, wanajeshi wao wakaupora mji, kisha wakaondoka. Wale hawakuwa polisi, walikuwa vitani, lakini mtu wa Bukoba wa siku ile asingekuwa na sababu ya kuitafuta tofauti. Sare za dola mpya zilimjia kwanza zikiwa zimebeba vitu vyake.

Polisi ya Tanganyika ilitangazwa rasmi Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, na mwaka 1930 yakahamia Dar es Salaam. Lilikuwa jeshi la miji, reli, mashamba makubwa na maboma. Vijijini utawala wa Waingereza uliacha amani mikononi mwa machifu, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kuleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Kwa Wahaya, ambao tayari walikuwa na wafalme wao, Kiziba, Kyamtwara, Karagwe, Kianja, Ihangiro na wengine, maana yake ilikuwa kwamba Mukama aliyekuwa akitawala kwa jadi sasa alitawala kwa mshahara na kwa kitabu cha mapato. Sehemu kubwa ya Muleba ya leo ilikuwa Ihangiro. Huko, aliyekuja kukuita barazani hakuwa polisi. Alikuwa tarishi.

Wazee husimulia tarishi alivyopokelewa. Alifika amechoka, kwa miguu, ametumwa na mkubwa. Alipewa kiti, alipewa lubisi, na mwenye nyumba mwenye akili alimkamata kuku. Hakuna aliyeiita hongo, kwani mgeni lazima ale. Ila kila mtu alijua kwamba tarishi aliyeshiba huweza kukumbuka vibaya siku ya kesi, na tarishi mwenye njaa humkumbuka mtu vizuri mno. Machifu waliondolewa madaraka yao ya kiserikali mwaka 1963, matarishi wakaenda nao. Kuku alibaki. Nadhani mafuta ya pikipiki ni mjukuu wake.

Polisi wenyewe, wale wa sare za Dar es Salaam, walipofika Muleba walifika kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilileta kanuni za kupambana na fukusi wa migomba, zikiwaruhusu wakaguzi kuingia vibandani mwa watu na kuwaamuru wafanye hiki na kile. Ali Migeyo, mwanasiasa ambaye Bukoba haimsahau, alihutubia umati Kamachumu kuzipinga. Polisi walipiga mabomu ya machozi, na Migeyo akaishia gerezani. Ukiuliza kama polisi wale walifanya kazi yao vizuri, jibu ni ndiyo, kwa kipimo cha waliowatuma. Jeshi lilikuwa limefunzwa kutawanya watu, na watu walitawanyika.

Nchi ilipokaribia uhuru, Nyerere alikuwa ameshaona hatari. Mwaka 1960, katika Baraza la Kutunga Sheria, alitaka rushwa itazamwe karibu sawa na uhaini. Sheria ilikuwepo tangu 1958. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Adhabu za Chini, ambayo wengi tunaikumbuka kwa viboko vyake: miaka isiyopungua miwili na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Nyerere alikuja kuisimulia tena Mei Mosi ya mwaka 1995 kule Mbeya, na watu wakacheka, kwa sababu alieleza vile vya kutoka ni vya kwenda kumwonyesha mke.

Ukali ule ulikuwa wa kweli, na mimi siudharau. Lakini ulikuwa na tundu moja ambalo viboko visingeweza kuliziba. Ili mla rushwa achapwe, lazima kwanza akamatwe. Anayekamata ni polisi. Na mla rushwa akiwa ndiye polisi?

Tanzania ilijaribu kulijibu hilo mapema kuliko nchi nyingi. Katiba ya Muda ya 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, na mwaka uliofuata ikaanza kazi chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Tume ilisafiri mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali na chama, polisi wakiwemo. Mkulima asiye na wakili wala ada ya mahakama aliweza kueleza habari yake. Kasoro ni kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na zilizotoka kwa wananchi zilikuwa chache. Kisha mwaka 1975 kikaundwa Kikosi cha Kuzuia Rushwa, kikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ileile ya polisi. Ni kama mbwa wawili wa mwenye nyumba mmoja, mmoja akipewa kazi ya kumbwekea mwenzake.

Mwaka uliofuata, upande wa pili wa ziwa, yakatokea mambo ambayo ningependa yafundishwe chuo cha polisi Moshi kabla ya gwaride.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Serikali iliamua kuwasaka wauaji, na mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama walifanya operesheni ya pamoja. Watu walikamatwa kwa mamia. Kusudi lilikuwa jema, hilo halina ubishi, kwa maana bibi wa watu walikuwa wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Lakini wapelelezi waliotakiwa kuleta majibu haraka waliyatafuta kwa mateso, na baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwao. Hakuna aliyeomba shilingi. Ninaiweka habari hii katika maandishi ya rushwa kwa makusudi, kwa sababu askari anayejua kwamba anaweza kumtesa mtu na asiulizwe, anajua pia kwamba anaweza kumuuzia huyohuyo mtu nafuu ya kutoteswa. Dhamana haiwezi kuuzwa mahali ambapo mahabusu haogopwi.

Habari zilifika juu, zikachunguzwa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu wala kuagiza mtu aguswe. Alijiuzulu pia Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa miwili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walioshiriki walishtakiwa na kutiwa hatiani, na shauri lao likafika hadi Mahakama ya Rufani.

Mwinyi husifiwa sana kwa barua ile, na anastahili. Alipelekwa ubalozini Misri, akarudi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na 1985 Rais wa Muungano. Kinachonivutia zaidi ni wale maofisa. Waziri kujiuzulu ni jambo la heshima. Ofisa wa polisi kusimama kizimbani kwa alichomfanyia mtuhumiwa ni jambo la sheria, na ndilo lililokuja kuwa adimu. Sisi wa Kagera tuliona upande wa kwanza tena Desemba 2013, Balozi Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini na Waziri wa Maliasili na Utalii, aliposimama bungeni na kujiuzulu baada ya kamati ya James Lembeli kueleza mauaji, mateso na uporaji wa Operesheni Tokomeza. Mawaziri wengine watatu, wa Mambo ya Ndani akiwemo, waliondolewa siku hiyohiyo. Nchi ilishangilia. Mtu aliyefilisiwa mifugo hakuwa ameonana bado na askari aliyeichukua mbele ya hakimu.

Miaka ya 1980 niipite haraka: uhaba, magendo, mshahara usiofika tarehe kumi. Kagera ilikuwa imetoka vitani, silaha zilizagaa, na kahawa ilivuka usiku kwenda Uganda ambako bei ilikuwa nzuri. Kwenye magendo kila kizuizi cha barabarani kina thamani yake, na anayekaa kwenye kizuizi huijua.

Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu alimpa Jaji Joseph Warioba kazi ya kuchunguza kero za rushwa. Tume iliundwa Januari 1996 na kutoa taarifa mwishoni mwa mwaka. Polisi walitajwa bila kuzungushwa: pesa za kufungua jalada, za kulifunga, za dhamana, za barabarani. Jambo lililonifaa mimi katika taarifa ile ni kwamba ilitenganisha rushwa ya anayetafuta chakula na rushwa ya anayetafuta utajiri. Wako waliokasirika, wakasema tume imewapa wadogo kisingizio. Sikubaliani nao. Askari wengi waliishi, na wapo wanaoishi bado, kwenye vyumba vya bati ukutani na bati juu, vile vinavyoitwa fulusuti, familia mbili zikitenganishwa na pazia. Kumwambia mtu huyo kwamba rushwa ni adui wa haki ni sawa, lakini usitarajie asikie mvua ikiwa juu ya bati.

Hata hivyo umaskini hauelezi yote. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu mmoja alipigwa fimbo ya kichwa kwenye ugomvi wa malisho. Hospitali ilitaka PF3. Kwenye kituo ambacho sitakitaja, mkubwa wa zamu alisema fomu zimekwisha, kisha akaongeza kwamba zikitafutwa vizuri zinaweza kupatikana. Damu ilikuwa inashuka shingoni. Askari mdogo, kijana ambaye bila shaka mshahara wake ulikuwa chini kuliko wa yule mkubwa, alitoka nje bila kusema neno, akavuka barabara hadi kwenye steshenari, akarudi na nakala ya fomu aliyoilipia mwenyewe. Aliijaza amesimama. Mkubwa wake alimtazama tu. Wote wawili walilala kwenye bati lilelile, na tangu siku ile nikisikia hoja ya mshahara mdogo ninaikubali nusu.

Nusu nyingine ni hofu ya kuulizwa, na historia ya karibuni imeionyesha kwa ukatili. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi walikamatwa Dar es Salaam, wakauawa kwa risasi katika msitu wa Pande, polisi wakatangaza kwamba ni majambazi. Ilibidi Rais Kikwete aunde tume ya Jaji Musa Kipenka ndipo ijulikane kuwa hawakuwa majambazi. Abdallah Zombe, ofisa mwandamizi wa upelelezi, na wenzake walishtakiwa, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote. Rufani ilipoamuliwa mwaka 2016, mmoja tu, Christopher Bageni, alitiwa hatiani. Zombe alibaki huru kwa hukumu ya mahakama. Vifo vinne, miaka kumi.

Machi 2019 mfanyabiashara wa Tabora aliyesota mahabusu kwa kesi ya mauaji ya kubambikiwa alitoka baada ya barua yake kuchapishwa kwenye ukurasa wa wasomaji wa gazeti. Rais Magufuli aliisoma, akaagiza ifuatiliwe, na Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi. Tulifurahi. Kisha mtu unajiuliza ni wangapi wasiojua kuandika barua kwa mhariri. Miezi miwili kabla ya hapo, Mwanza, askari wanane walikuwa wamekamatwa wakituhumiwa kusindikiza zaidi ya kilo 300 za dhahabu ya magendo kwa ahadi ya mamilioni. Wakafikishwa mahakamani pamoja na wafanyabiashara, na huku kwetu mazungumzo yakawa kuhusu uzito wa dhahabu kuliko kuhusu sare.

Kisha ikaja Mtwara. Januari 2022 maofisa wa polisi walikamatwa kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara wa madini waliyekuwa wamemchukulia mamilioni yake ya shilingi. Jeshi likaunda timu ya kuchunguza. Mwezi uliofuata, akiwa Magu mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba haiwezekani polisi waue kisha wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu aunde kamati nyingine. Magu iko katika mkoa uleule wa mwaka 1976. Miaka arobaini na tano na ushee, na swali lilikuwa halijasogea.

Majirani walilijibu kila mmoja kwa njia yake. Bukoba tunashika redio za Uganda, na mwaka 1999 Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilikuwa ikiwahoji maofisa wa polisi wa Uganda mbele ya umma na waandishi wa habari, mmoja baada ya mwingine, kuhusu mali zao na majalada yaliyopotea. Kwa raia ilikuwa burudani na mshtuko kwa pamoja kumsikia afande akibabaika. Kenya, baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007, ilibadili katiba, ikaliita jeshi lake Huduma, na mwaka 2011 ikaunda IPOA, mamlaka ya kiraia inayochunguza polisi. Maofisa wa Kenya waliposailiwa upya, taarifa zao za M-Pesa zilifichua kitu ambacho kila dereva wa matatu alikisia: pesa za barabarani haziishii kwa anayesimamisha gari. Zinapanda. Mdogo anakusanya, mkubwa anapokea, na mdogo asiyetuma chochote anahamishwa. Polisi wa Kenya hawajawa malaika kwa hayo, mauaji yanaendelea kule na IPOA inalalamika kunyimwa ushirikiano. Ila mama wa Kisumu aliyepigwa ana mlango wa kubisha ambao hauna kaunta ya polisi mbele yake.

Mama wa Ngenge ana milango kadhaa, kwenye karatasi. Ipo TAKUKURU wilayani, siku hizi chini ya Ofisi ya Rais, si tena chini ya wizara ya polisi. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi ya ile ya Chifu Mang'enya kwa sheria ya 2001. Upo pia mpango wa wakaguzi kata, ofisa wa polisi aliyepangiwa kata anayetakiwa kufahamiana na watu kabla ya kesi, na mimi ni miongoni mwa wanaoupenda, kwa sababu ni vigumu kidogo kumdai hongo mtu uliyekaa naye msibani. Lakini akitaka kushitaki kwamba amepigwa na askari, fomu yake ya matibabu bado ni PF3, nayo hutolewa na polisi.

Januari 2023 iliundwa tume ya kuangalia taasisi zote za haki jinai, mwenyekiti akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ndani yake walikuwemo wakuu wa polisi wastaafu, Said Mwema na Ernest Mangu, watu wasioweza kuambiwa kwamba hawaijui nyumba. Ilizunguka mikoa, ikasikiliza, na Julai mwaka huohuo ikakabidhi taarifa yake Ikulu. Malalamiko dhidi ya polisi yalikuwa mengi kuliko ya taasisi nyingine. Tume ilipendekeza jeshi lifumuliwe na kusukwa upya, liache kuwa Jeshi na liwe Huduma ya Polisi.

Kuna waliolicheka jina, wakasema kubadili bango hakubadili kaunta. Wana haki ya kucheka. Lakini Sheria ya Polisi tunayoitumia ina mizizi mwaka 1939, kabla ya Kamachumu, na imezaliwa na watu waliotaka kutawanya umati. Huduma inaweza kudaiwa. Jeshi huombwa. Bajeti ya jeshi hupangwa kuanzia makao makuu kwenda chini, na lita tatu za kituo cha mwisho ndizo za mwisho kufikiriwa. Huduma ingelazimika kuanza kuhesabu pale mlalamikaji anaposimama.

Ninapoandika haya jina bado ni Jeshi la Polisi. Kwenye kuta za vituo vingi limebandikwa tangazo kwamba dhamana ni haki na haiuzwi. Mafuta hayajatajwa popote.